Zana za wanablogu: zilizokufa, zinazopumua, na zile ninazotumia

Kila wiki hunijia barua pepe mbili tatu zenye swali lile lile: "Kaka, nitumie zana gani ili watu wengi zaidi waone kazi yangu?" Siku hizi si wanablogu peke yao wanaouliza. Kuna anayeuza viatu vya mitumba, kuna mwenye saluni, kuna kijana aliyeajiriwa juzi na kampuni fulani "kusimamia mitandao ya kijamii" na bosi wake anataka kuona namba zimepanda kufikia Ijumaa. Wote wanataka orodha. Orodha zimejaa kwenye intaneti tayari, zana kumi hizi, zana hamsini zile, na ukirudi kwenye orodha hiyo baada ya miaka mitatu utakuta nusu ya viungo vyake vinakupeleka kwenye ukurasa mtupu.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Sehemu kubwa ya riziki yangu imetoka katika kuunganisha tovuti za watu na mitandao hiyo: habari ikichapishwa hapa, itokee na kule, na kule, na idadi ya waliobonyeza irudi hapa. Kwa hiyo nimehudhuria mazishi mengi. Twendeni kwanza makaburini, kisha tuzungumze kuhusu walio hai.

Nianze na RSS, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Kwa wale walioingia mtandaoni kupitia simu na hawakuwahi kukutana nayo: mlisho wa RSS ni faili moja tu ya maandishi inayokaa kwenye seva yako. Ndani yake kuna vichwa vya makala zako za karibuni, tarehe, na viungo. Msomaji anachukua programu ya kusomea milisho, anaipa anwani ya faili yako, na programu hiyo inapita kila baada ya muda kuuliza, "Kuna jipya?" Basi. Hakuna algorithimu ya kuamua kama unastahili kuonekana. Ukiandika makala tatu, msomaji anaona tatu, kwa mpangilio ulioziandika. Ukinyamaza miezi sita kisha ukaandika moja, anaiona hiyo moja.

Google Reader ilipozinduliwa Oktoba 2005 jambo hili likawa rahisi hata kwa asiye fundi. Hapa Kenya enzi hizo tulikuwa na Kenya Unlimited, ambapo ulikuta blogu za Wakenya zimekusanywa pahali pamoja, wa Nairobi na wa Minnesota bega kwa bega. Wengi wetu tulijuana kwa njia hiyo. Ushahidi wenyewe, ule mradi wa ramani wa Januari 2008 wakati nchi inaungua, ulitokana na wito alioutoa Ory Okolloh kwenye blogu yake, Kenyan Pundit. Waliousoma wito huo hawakuletewa na algorithimu. Walikuwa wamejiandikisha kumsoma.

Google Reader ilifungwa tarehe 1 Julai 2013. Jambo moja wengi hawalikumbuki ni kwamba kabla ya kufungwa ungeweza kupakua faili yenye orodha ya blogu zote ulizofuata, kwa muundo uitwao OPML, na kuipandisha kwenye programu nyingine dakika ile ile. Mimi orodha yangu ya wakati ule bado ninayo. Kiungo kimoja katika kila vitatu hakifunguki tena, lakini orodha ni yangu.

Sasa FeedBurner, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu kuna siri ya kiufundi ambayo ndiyo mzizi wa makala nzima. FeedBurner ilianzishwa Chicago mwaka 2004, Google wakainunua 2007. Ilifanya nini? Ilichukua mlisho wako, ikaupamba, ikahesabu wasomaji, na baadaye ikawatumia barua pepe kila ulipoandika. Wanablogu tulipenda kale kakibandiko kadogo kenye idadi ya wasomaji, tukakaweka pembeni mwa ukurasa kama medali. Gharama yake ilikuwa moja tu: badala ya kumpa msomaji anwani ya mlisho wako, ulimpa anwani ya FeedBurner.

Fikiria hilo kwa makini. Msomaji hajajiandikisha kwako. Amejiandikisha kwao, nao wanamletea maneno yako.

Lakini walikuwa na kipengele kilichoitwa MyBrand ambacho watu wachache sana walikigusa. Kiliruhusu utumie jina lako mwenyewe la tovuti, tuseme mlisho.tovutiyako.co.ke, na jina hilo ukalielekeza kwao kwa mstari mmoja wa DNS, ule uitwao CNAME. Msomaji anaona jina lako, kazi wanafanya wao. Siku ukitaka kuhama, unabadilisha mstari huo mmoja, na wasomaji wako wote wanahama nawe bila hata kujua kuwa wamehama. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Julai 2021 Google walipoiondoa huduma ya barua pepe ya FeedBurner, wenye blogu walipewa nafasi ya kupakua orodha za waliojiandikisha. Nilisaidia watu kadhaa kupakua. Mmoja alikuwa na watu 3,100 na hakuwahi kuwaandikia hata mara moja kwa mkono wake mwenyewe. Alishangaa kwamba ni watu kweli, wenye majina.

Wengine tuwapitie haraka, kaburi kwa kaburi. Klout, waliokupa alama kati ya 1 na 100 kupima "ushawishi" wako, walifunga Mei 2018 na sijaona aliyelia. Storify, iliyokuwezesha kukusanya ujumbe wa watu mbalimbali ukawa hadithi moja, nayo ilifungwa mwezi huo huo, na hiyo ilinisikitisha, maana kuna makala za siasa za Kenya ambazo zimebaki mashimo matupu. Vine ilikuja 2013, Oktoba 2016 ikatangaziwa mwisho. Google+ ilizimwa Aprili 2019. CrowdTangle, iliyowasaidia waandishi wa habari kuona ni nini kinasambaa kwenye Facebook, ilifungwa tarehe 14 Agosti 2024. Hootsuite haikufa, ila ule mpango wake wa bure uliisha Machi 2023. Mwaka huo huo Twitter walitangaza kuwa matumizi ya bure ya API yao tuliyoyazoea yamefika mwisho, kisha wakaja na mpango wa dola 100 kwa mwezi, na haukupita muda Jetpack ya WordPress ikaacha kupeleka makala huko zenyewe. Programu ndogo ndogo ngapi zilikufa wiki ile, Mungu ndiye ajuaye. Nyingi zilikuwa kazi za mtu mmoja, zinafanya jambo moja tu, zinalifanya vizuri.

Viungo vifupi vinastahili aya zao.

Vilianza kupendwa zaidi kwa sababu ya Twitter. Ule ukomo wa herufi 140 ulitoka kwenye SMS: ujumbe mmoja hubeba herufi 160, wakatenga 20 za jina la mtumiaji, zikabaki 140. Anwani ndefu ya makala ingekula nusu ya nafasi. TinyURL ilikuwapo tangu 2002, zikafuata bit.ly, tr.im, goo.gl na utitiri wa nyingine. Ufundi wake ni mwepesi mno. Kuna jedwali lenye safu mbili, neno fupi upande huu na anwani ndefu upande ule. Kivinjari kikiomba neno fupi, seva inajibu "ilihamia kule," nacho kinakwenda kule. Programu ya namna hiyo unaweza kuiandika kwa mistari thelathini, na ukiwa na chai ya maziwa karibu huchukui hata jioni nzima.

Tatizo ni kwamba umeweka mtu wa tatu mlangoni pako. Akilala, mlango umefungwa. Oktoba 2010 kifupishi kimoja kilichoitwa vb.ly kilipoteza jina lake kwa sababu .ly ni jina la Libya, na wasimamizi wa huko waliona yaliyomo hayakubaliani na sheria zao. Watu wengi walikuwa hawajui hata kuwa herufi hizo mbili ni nchi! Goo.gl ya Google ilifungwa kwa watumiaji wapya 2018. Julai 2024 wakatangaza kwamba viungo vyote vya zamani vitaacha kufanya kazi tarehe 25 Agosti 2025, kisha wiki chache kabla ya tarehe hiyo wakalegeza, wakasema vile ambavyo bado vinatumika vitaachwa. Haya, nafuu. Lakini piga hesabu ya vitabu, mabango, ripoti za serikali na tasnifu za vyuo vikuu vilivyopigwa chapa na kiungo cha namna hiyo ndani yake. Karatasi haihaririki.

Ndiyo maana mteja akiniambia anataka kuchapisha bango lenye zile miraba ya QR, swali langu la kwanza ni: ndani ya mraba kuna anwani ya nani? Zipo tovuti zinazokutengenezea mraba bure, ila ndani zimeficha kiungo chao kifupi, na muda wa majaribio ukiisha wanakudai. Mraba wa kweli haudaiwi na mtu. Ni maandishi yaliyochorwa, kama vile ungeandika anwani kwa chaki ukutani.

Sasa niwasimulie kisa kilichofanya niandike haya yote.

Kuna mama mmoja fundi wa nguo hapa mjini kwetu, mimi ni mteja wake tangu nikiwa shule. Anashona sare za shule, na Januari ndio msimu wake, kama vile Desemba kwa wenye matatu ya kwenda bara. Mpwa wake alimfungulia ukurasa kwenye mtandao mmoja wa kijamii, wakapiga picha za sare, wakajibu watu vizuri, na kwa miaka sita wakafikisha wafuasi elfu kumi na nne. Utaratibu ukawa hivi: mzazi anaona picha, anaandika jina la shule na ukubwa, anatuma malipo ya awali kwa M-Pesa, anakuja kuchukua.

Wiki ya mwisho ya Desemba mpwa alipokea ujumbe ndani ya ukurasa. Umeandikwa kwa lugha ya kiofisi, na nembo ya mtandao ule ule: ukurasa wenu umekiuka haki miliki, utafutwa baada ya saa 24, bonyeza hapa kukata rufaa. Akabonyeza, akaingiza nywila, akaingiza na zile tarakimu sita zilizotumwa kwa simu. Baada ya saa moja majina yao yalikuwa yameondolewa kwenye usimamizi. Waliouchukua hawakuufuta. Waliendelea kuuendesha! Picha zile zile, bei zile zile, ila namba ya kutumia malipo ilikuwa nyingine.

Mpwa alinipigia saa tatu usiku. Tukajaza fomu za kuripoti. Majibu yalikuja mara moja, yote ya mashine, ya kushukuru kwa kuwasiliana nao. Tukajaza tena. Mama akaniuliza, "Mwanangu, hakuna ofisi? Mtu wa kwenda kuongea naye?" Nikamwambia, "Mama, sijaipata hata namba ya simu ya kupiga." Akanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Wanaotumiwa pesa ni wao, lakini watakaokuja kusimama mlangoni kwangu wakidai ni wazazi."

Na kweli, asubuhi yake wawili walikuja.

Kilichomwokoa ni daftari. Mafundi mnawajua, hawamwachi mteja aondoke bila kupimwa. Daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila ukurasa una jina la mtoto, shule, kifua, kiuno, urefu, na namba ya mzazi ili aitwe nguo ikiwa tayari. Ya miaka mitano iliyopita yalikuwa kwenye kabati, yananuka mafuta ya cherehani. Tulikaa watu watatu, mimi, mpwa na binti yake mama, tukaingiza namba 612 kwenye kompyuta kufikia saa nane usiku. Kulipokucha tukatuma SMS kwa wote: ukurasa umeibwa, msitume pesa kwa namba yoyote isipokuwa hii mliyoizoea, karibuni dukani. Gharama yote haikufika shilingi elfu moja.

(Kando kidogo, kwa mafundi wenzangu. Mara ya kwanza mfumo ulituonyesha kwamba kila ujumbe utahesabiwa kama SMS tatu. Nikaukagua, ulikuwa na herufi 138 tu. Mchawi alikuwa kile kialama cha juu katika neno "ng'oa". Mpwa aliuandika kwenye programu ya maandishi, ikakibadilisha kikawa kile kilichopinda, na alama iliyopinda haimo katika herufi za msingi za SMS. Ikiingia moja tu, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine ambao SMS moja hubeba herufi 70. Kibadilishe kiwe kile kilichonyooka. Kiswahili kina bahati, hakina herufi zenye vikorombwezo, kila kitu kinaenea kwenye zile 160, basi tusiipoteze bahati yetu kwa ng'ombe na ng'ambo. Emoji nazo ni vivyo hivyo.)

Ule ukurasa haukurudi kwa mama. Baada ya majuma kadhaa ulipotea wenyewe. Januari ile alishona pungufu ya mwaka uliotangulia, lakini alishona. Niseme pia kwamba sikumlaumu mpwa. Ujumbe ule ungemdanganya hata mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, na umewadanganya.

Tangu hapo, mtu akiniuliza zana gani ni bora, siangalii kwanza inafanya nini. Naangalia kama ina mlango wa kutokea. Wasomaji wako au wateja wako, unaweza kuwapakua? Kwa muundo unaofunguka kwenye programu nyingine? Wewe mwenyewe, leo, bila kuomba ruhusa? Kwa kipimo hicho, wafuasi wa ukurasa si orodha. Ni namba iliyoandikwa juu ya mlango wa mtu mwingine. Januari 2018 Facebook walitangaza kuwa watawapa watu zaidi yale ya marafiki na jamaa kuliko ya kurasa za biashara na vyombo vya habari, na wenye kurasa hawakuwa na la kufanya. Hawakuwa wamenunua kitu, kwa hiyo hawakuwa na kitu cha kudai.

WhatsApp hapa inanipa shida kuipanga, na ndiyo hasa inayotumika Kenya. Mnawaona wafanyabiashara wanavyoandika, "save namba yangu." Si adabu tu. Ile orodha ya kutangazia huchukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Status nayo ni hivyo hivyo, na hudumu saa 24. Wengi wanaona huo ni usumbufu. Mimi naona ndiyo sababu inafanya kazi: mtu aliyehifadhi namba yako amefanya tendo dogo la hiari, na wewe pia una namba yake. Chaneli zilizokuja 2023 ni kitu tofauti kabisa. Unaweza kupata wafuasi maelfu, lakini huna namba zao wala huwezi kuwapakua. Ni ukurasa ule ule wa zamani uliovaa kanzu ya kijani. Itumie kutangaza, usiitumie kutunza.

Na ukitunza namba za watu, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mteja aliyekupa namba umwite nguo ikiwa tayari hajakupa ruhusa ya kumuuzia mabati ya binamu yako. Wenye kupiga picha pia wasikie: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alikitoza kiwanja kimoja cha burudani jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Hiyo ni pesa ya kununua gari dogo, kwa picha moja ya kutafuta "likes".

Watauliza, na mitindo je? Alama ya reli? Mimi sina chuki nayo. Chris Messina aliipendekeza Agosti 2007 kama njia ya kupanga mazungumzo kwenye Twitter, na Wakenya tumeitumia kwa kishindo. Mwaka 2015 CNN walipoiita nchi hii kitovu cha ugaidi, #SomeoneTellCNN iliwafikia mpaka mkubwa wao mmoja akapanda ndege kuja Nairobi kuomba radhi. Huo ulikuwa mwelekeo wa kweli, watu wamekasirika wenyewe. Lakini mwaka 2021 Odanga Madung na Brian Obilo walichapisha uchunguzi kupitia Mozilla ulioonyesha jinsi watu wanavyolipwa takriban dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni za kupandisha alama za reli Kenya, wakiratibiwa kwenye vikundi vya WhatsApp, maneno yameandikwa tayari, picha zimeandaliwa tayari. Nilipousoma sikushtuka. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeletewa kazi ya kutengeneza mfumo wa aina hiyo hiyo: kugawa maneno kwa watu sitini, kuhakikisha hayafanani sana, kuhesabu nani ametuma ili alipwe. Kiufundi ilikuwa kazi nzuri, na malipo yangenilipia kodi ya nyumba miezi minne. Niliikataa, na kodi ya mwezi ule niliilipa tarehe ishirini na moja badala ya tarehe tano. Aliyeniletea alishangaa kweli kweli. Kwake ilikuwa uuzaji tu.

Kwa hiyo nikiona jina la sabuni juu kabisa kwenye orodha ya yanayovuma asubuhi ya Jumanne, huwa najiuliza ni watu sitini wa nani. Na kijana ambaye bosi wake anataka namba kufikia Ijumaa, namwonea huruma, maana namba za namna hiyo zinauzwa, na anajua zinauzwa wapi.

Haya, mlitaka orodha. Hizi ndizo ninazotumia mimi, kwa kazi zangu na za wateja.

Jina la tovuti nililosajili mwenyewe, kwa jina langu, si kwa jina la fundi aliyenitengenezea. Ukiwa na .co.ke msajili wako lazima awe anatambuliwa na KeNIC, na barua pepe iliyo kwenye usajili iwe ile unayoifungua kila siku. Hapo ndipo kila kitu kinapoanzia. Blogu iko kwenye WordPress, lakini Blogger pia si mbaya, inatoa nakala ya makala zako zote ukiiomba. Mlisho wa RSS bado upo pale pale hata kama hakuna anayeutaja: kwenye WordPress ongeza /feed/ mwishoni mwa anwani, kwenye Blogger ni /feeds/posts/default. Podikasti nyingi husambazwa kwa RSS, na hata kila chaneli ya YouTube ina mlisho wake. Programu yangu ndogo inausoma mlisho huo na kupeleka vichwa vya habari kwenye mitandao inayokubali bado, na mtandao ukifunga mlango nafuta mistari kumi, maisha yanaendelea. Mastodon na Bluesky zinakubali bila malipo kwa sasa. Wasomaji wangu walioko huko wanatosha matatu moja, nao huwa wanajibu.

Kifupishi cha viungo ni changu, ile mistari thelathini niliyoitaja. Orodha ya barua pepe nimeiweka kwa mtoa huduma, na kila tarehe mosi naipakua kuiweka kwenye diski yangu. Usijaribu kutuma mwenyewe kutoka seva yako kama hujawahi. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma kwa wingi: SPF, DKIM, DMARC, na kiungo cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Mtoa huduma mzuri anakuongoza kuyapanga hayo. Mipango ya bure inazidi kubana, ule wa Mailchimp uliowahi kuruhusu watu 2,000 sivyo ulivyo sasa, kwa hiyo hesabu gharama kabla hujakaribisha watu.

Kuratibu ujumbe wa wiki natumia Buffer, kwa sababu nikiiacha kesho sipotezi chochote. Zana za akili unde za kuandika maelezo ya picha nimezijaribu kwa wateja wawili. Kiswahili chake ni sanifu na kimepoa, kama hotuba ya mgeni rasmi, na wateja wa mama fundi wangejua mara moja kwamba si yeye. Yeye huandika "Njooni mapema kitambaa cha kijani kinaisha," na kitambaa huwa kinaisha kweli.

Sasa mama ana ukurasa mpya, wafuasi mia tisa na kitu. Mpwa amewasha ulinzi wa hatua mbili kwa programu badala ya SMS, na wasimamizi ni watatu. Daftari limehamia kwenye lahajedwali, ila lile la jalada gumu amekataa kuliacha, anasema lahajedwali haliwezi kuwekwa pini. Ninachomtengenezea kwa sasa ni kitu kidogo: mzazi anatuma jina la shule kwa SMS, anajibiwa bei na siku ya kuchukua. Kimeshaanza kufanya kazi, isipokuwa kwa shule tatu zinazoitwa St. Mary's, ambazo wazazi wanaziandika kwa namna kumi na mbili tofauti. Mwenye wazo zuri la kulinganisha majina yaliyoandikwa ovyo aniandikie. Nimejaribu umbali wa Levenshtein, unachanganya St. Mary's na St. Mark's, na sare zao rangi ni tofauti.